Ua Lisilo na Subira: Impatiens, Sultani wa Zanzibar na Somo la Tawi Moja

Kwa bibi yangu, Lushoto, kuna ndoo ya rangi iliyotoboka kitako. Imewekwa kibarazani, upande usiopigwa na jua la mchana, na ndani yake kuna ua ambalo tangu nipate akili sijawahi kulikuta halijachanua. Petali zake tano ni za waridi iliyokolea, zimelala bapa, na shina lake limejaa maji kiasi kwamba ukilibana kwa kucha linachuruzika. Bibi haliwekei mbolea ya dukani wala halipulizii dawa. Akikumbuka, analimwagia maji aliyooshea mchele. Jirani akilitamani, bibi anavunja tawi kwa mkono, anampa, basi. Baada ya wiki mbili jirani naye ana ua.

Nilipoanza masomo ya uzamili nilimuuliza, "Bibi, hivi hili ua linaitwaje?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mvua. "Ua tu, mjukuu wangu. Nililitoa kule kijitoni mwaka nilioolewa."

Sasa, kumbe "ua tu" hilo limewahi kuwa na majina matatu ya kisayansi: moja la mmisionari wa Kiingereza, moja la Sultani wa Zanzibar, na moja la mkusanyaji wa Kijerumani aliyezunguka milima hii hii ya Usambara. Liliondoka Afrika Mashariki likiwa mbegu chache, likawa moja ya maua yanayouzwa zaidi bustanini Ulaya na Marekani, halafu mwanzoni mwa karne hii likaanza kufa kwa wingi huko huko lilikotukuzwa. Leo tuifuate safari hiyo, maana ndani yake kuna jambo linalomhusu hata mtu asiyejali maua.

Kwanza, tulijue ua lenyewe

Jina lake linalotumika leo ni Impatiens walleriana. Kwa asili ni mmea wa upande huu wa Afrika, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi Msumbiji. Ukitembea kwenye misitu yenye unyevu, kando ya vijito na sehemu zenye kivuli, utalikuta limejiotea.

Neno Impatiens ni la Kilatini, maana yake "asiye na subira". Sisi tumefundishwa kwamba subira yavuta heri, lakini mmea huu umefanikiwa kwa njia ya kinyume. Tunda lake ni dogo, la kijani, limenona katikati. Likikomaa, kuta zake tano zinakuwa zimevutika kama upinde. Ukiligusa tu, au tone la mvua likiliangukia, pap! Kuta zinajikunja ghafla na mbegu zinarushwa huku na huku. Watoto wa kijijini kwetu tulikuwa tunashindana nani atapasua mengi zaidi. Hatukujua kwamba tunalisaidia kuzaliana.

Nyuma ya ua kuna kimkia chembamba kirefu, na humo ndimo mlimo na nekta. Ni mdudu mwenye mrija mrefu tu, kama kipepeo, anayeweza kuifikia. Akija kunywa, anabeba chavua. Tena angalia: kila ua huanza kutoa chavua, kisha kile kikofia cha chavua kinadondoka, ndipo sehemu ya kike inakuwa tayari kupokea. Kwa mpango huo ua haliwezi kujichavusha lenyewe kirahisi, na chavua inayolifikia inatoka kwenye ua jingine, mara nyingi la mmea mwingine. Matokeo yake, mbegu zinabeba mchanganyiko mpya.

Kwa hiyo mmea huu una njia mbili za kuendelea. Mbegu, ambayo inachanganya. Na tawi, ambalo halichanganyi chochote: tawi likivunjika na kuangukia tope linatoa mizizi, na mmea unaotokea ni ule ule, jeni kwa jeni. Shika tofauti hiyo kichwani, tutaihitaji.

Daktari aliyepeleka mbegu

John Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland. Alikuja Afrika kwanza na msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza 1858. Mwaka 1866 alifika Zanzibar kama daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza, na taratibu akapanda ngazi mpaka akawa balozi mwenyewe, mtu ambaye neno lake lilikuwa zito pale Unguja. Kama umewahi kumwona kima punju wa Jozani, jina lake la kisayansi, Piliocolobus kirkii, linatokana na huyu huyu Kirk. Na dikidiki mmoja pia.

Katika siasa anakumbukwa kwa mwaka 1873. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alishinikizwa na Uingereza asaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa Zanzibar. Barghash alisitasita. Kirk ndiye aliyemfikishia tishio kwamba manowari za Uingereza zingezingira kisiwa. Mkataba ukasainiwa Juni 1873. Pale soko lilipokuwa, Mkunazini, leo kuna kanisa kuu la Anglikana.

Lakini Kirk hakuacha kazi yake ya mimea. Kwa miaka mingi alikuwa akituma vielelezo na mbegu kwenye bustani ya Kew, London, ambayo wakati huo ilikuwa kama ghala kuu la mimea ya dola zima la Kiingereza. Miongoni mwa alivyotuma kutoka Zanzibar zilikuwemo mbegu za ua letu. Zikaota, zikachanua, na mwaka 1882 mkurugenzi wa Kew, Joseph Hooker, akalitangaza kwenye jarida la mimea la Curtis kama spishi mpya. Akalipa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar.

Hebu fikiria hali hiyo. Miaka tisa baada ya kutishiwa na manowari, Barghash anapewa ua. Mwaka uliofuata, 1883, alijenga Beit el Ajaib pale Forodhani, jumba lililoonyesha ukubwa wa enzi yake. Lakini enzi yenyewe ilikuwa inamegwa: kufikia 1886 Wajerumani na Waingereza walikuwa wameshagawana sehemu kubwa ya bara iliyokuwa chini yake. Jina la sultani likabaki likichanua kwenye vyungu vya London.

Kwa nini jina la Sultani lilifutwa

Hata hilo jina nalo halikudumu, na sababu yake ni sheria rahisi ya sayansi. Kwenye uainishaji wa mimea, spishi ikipewa majina mawili, linalobaki ni lile lililochapishwa kwanza kwa utaratibu sahihi. Haijalishi nani ni mkubwa, sultani au mkulima.

Mwaka 1868, miaka 14 kabla, Hooker huyo huyo alikuwa ameshaelezea kielelezo kilichokaushwa na kukiita Impatiens walleriana. Waller aliyekusudiwa ni Horace Waller, aliyekuja mwaka 1861 na misheni ya UMCA kwenye nyanda za mto Shire, Malawi ya leo, akamfahamu Kirk huko huko. Misheni hiyo ilishindwa kwa maradhi na vita, na mwaka 1864 ikahamia Zanzibar. Waller alirudi Uingereza, akawa mpiga kampeni dhidi ya biashara ya watumwa, na ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone zilizochapishwa 1874.

Kisha wakaja Wajerumani. Carl Holst alikusanya mimea Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, akafariki 1894 akiwa bado kijana. Mwaka 1895 ua la Usambara likaandikwa kwa jina lake, Impatiens holstii.

Wataalamu walipokuja kulinganisha vielelezo vyote, wakaona tofauti zilizopo ni za kawaida ndani ya spishi moja yenye sura nyingi. Kitabu cha Christopher Grey-Wilson wa Kew kuhusu Impatiens za Afrika, kilichotoka 1980, kinayahesabu majina yote matatu kuwa ya mmea mmoja. Walleriana ilitangulia, walleriana ikashinda.

Umeona lakini? Daktari, mmisionari, sultani, mkusanyaji. Watu waliokuwa wanaishi na ua hili miaka yote, na walioonyesha hao wageni njia za kwenda kijitoni, hawamo kwenye orodha.

Kutoka dirishani hadi shambani

Ulaya ua hili lilikutana na adui asiyekuwepo kwao: baridi. Jalidi ya usiku mmoja inatosha kulimaliza, kwa sababu maji yaliyojaa kwenye shina yanaganda na kuzipasua seli. Hivyo kwa miaka mingi likawa ua la dirishani. Waingereza waliliita Busy Lizzie, Wajerumani Fleißiges Lieschen, na yote mawili maana yake ni Liza mchapakazi, kwa kuwa halipumziki kuchanua. Lilisambaa kama linavyosambaa kwa bibi yangu: tawi kwenye glasi ya maji, ukimpa jirani hupungukiwi.

Kitu kinachogawiwa bure hivyo ni vigumu kukifanyia biashara. Aliyepata njia alikuwa Mmarekani mmoja, Claude Hope, mtaalamu wa bustani kutoka Texas. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipelekwa Costa Rica kwenye mradi wa kupanda miti ya sinkona, inayotoa kwinini, kwa sababu Japani ilikuwa imeiteka Java na dawa ya malaria ilikuwa imeadimika. Vita vikaisha, yeye akabaki. Costa Rica nako Impatiens ilikuwa imeshatoroka bustanini na kujiotea kwenye kingo za barabara.

Katika shamba lake la Linda Vista, karibu na Cartago, Hope alichagua mimea mifupi, yenye matawi mengi na rangi safi, akaizalisha mpaka akapata mistari iliyotulia. Kisha akaivusha kwa mkono, mstari kwa mstari, kupata mbegu chotara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaingia sokoni aina zilizoitwa Elfin. Mmea haukuwa tena mrefu na wa kulegea. Ulikuwa kama zulia, kila mche sawa na mwenzake, na ulichanua kwenye kivuli ambako maua mengi hukataa.

Hapa kuna kitu cha kibiashara cha kuelewa. Ukihifadhi mbegu za chotara wa kizazi cha kwanza ukazipanda, watoto watatoka na sura tofauti tofauti. Na tawi ukilikata, huko kwao baridi italiua usipolitunza ndani. Basi rahisi zaidi ni kununua miche mipya kila mwaka. Mamilioni ya watu wakafanya hivyo. Gramu moja ya mbegu hizi ina zaidi ya mbegu 1,000, kwa hiyo bahasha ndogo inaweza kujaza mtaa mzima rangi moja.

Ubwiri unyoya ulipoingia

Mwaka 2003 wakulima wa maua Uingereza waliona majani ya Impatiens yakipauka na kujikunja. Walipoyageuza, chini yake kulikuwa na utando mweupe kama unga. Siku chache baadaye majani yakapukutika, yakabaki mashina matupu. Ulikuwa ugonjwa wa ubwiri unyoya. Mwanzoni kisababishi kilitajwa kama Plasmopara obducens, kinachojulikana tangu karne ya 19 kwenye Impatiens za porini. Baadaye watafiti walionyesha kwamba kinachoshambulia ua letu ni spishi ya peke yake, wakaiita Plasmopara destructor. Jina halihitaji tafsiri sana.

Kinafanana na ukungu, ila si ukungu halisi. Ni kiumbe cha kundi la oomiseti, lenye undugu wa karibu zaidi na miani ya kahawia ya baharini kuliko na uyoga. Kundi hilo hilo ndilo lenye kisababishi cha bakajani chelewa ya viazi, iliyoleta njaa Ireland kuanzia 1845. Vijimbegu vyake, yaani spora, hupeperushwa na upepo na kuota kwenye majani mabichi yenye unyevu. Vingine vyenye ukuta mnene hubaki ardhini vikisubiri msimu ujao. Hao wana subira.

Uingereza dawa iliyotegemewa, metalaksili, ilikuja kukutana na aina ya ugonjwa iliyoizoea mwaka 2011. Mwaka huo huo na uliofuata ubwiri ukasambaa kwa kasi Marekani. Vitalu vingi vikaacha kabisa kuuza Impatiens walleriana na kugeukia maua mengine, hasa ndugu yake wa New Guinea, Impatiens hawkeri, ambaye ugonjwa huo haumsumbui.

Kwa nini lilianguka hivyo? Hali ya hewa ilichangia, usafirishaji wa miche ulichangia. Lakini chunguza zulia lile la rangi moja. Bustani baada ya bustani zilikuwa na mimea iliyotoka kwenye mistari michache iliyochaguliwa kwa urefu, umbo na rangi. Hakuna aliyekuwa ameichagua kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Spora ikipata ufunguo wa mche mmoja, imepata ufunguo wa mtaa mzima. Wairish walikuwa wamepanda kiazi cha aina moja kutoka kwenye vipande vya viazi vyenyewe, si mbegu. Tofauti ni kwamba wao walipoteza chakula, hawa wakapoteza urembo na biashara. Utaratibu ni ule ule.

Jina linarudi nyumbani

Wazalishaji walirudi kazini kutafuta ukinzani. Kufikia 2020 aina mpya zenye kustahimili ubwiri zilikuwa zimeingia sokoni. PanAmerican Seed, kampuni ambayo Hope alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, iliziita zake Beacon. Syngenta waliziita Imara. Ndiyo, imara, neno letu. Nilicheka niliposoma. Ua lilipoteza jina la sultani wa Zanzibar mbele ya sheria ya uainishaji, halafu baadaye likarudishiwa Kiswahili kwenye pakiti ya mbegu.

Mwaka jana nikiwa Dar nilisimama kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Nikaliona: fupi, limejazana maua, kwenye kimfuko cheusi. "Hii ni ya nje, bosi," muuzaji akaniambia kwa kujivunia. Sikubishana naye. Kwa namna yake alikuwa anasema kweli.

Ila kuna jambo haliuzwi kwenye kimfuko. Dunia ina zaidi ya spishi 1,000 za Impatiens, na zaidi ya 100 ziko Afrika. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ina nyingi ambazo hazipatikani kwingine kokote. Taita wana Impatiens teitensis. Usambara tuna Impatiens usambarensis, na mahali inapokutana na walleriana hizo mbili zinachanganyika zenyewe, bila mtu wa kuzivusha kwa mkono. Kila tunda linalopasuka kando ya kijito linarusha michanganyiko ambayo hakuna kampuni iliyoipanga. Nyingi ya michanganyiko hiyo haina faida yoyote. Mmoja unaweza kuwa ndio unaokinza ugonjwa wa mwaka 2050.

Kirk alipotuma mbegu zake hakukuwa na utaratibu wa kuwauliza wenyeji. Leo upo: Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 zinazitambua nchi kuwa na haki juu ya rasilimali zao za kijeni na zinataka faida igawanwe. Haki hiyo lakini haina maana kama msitu wenyewe umekatwa na kijito kimekauka. Huwezi kudai mgao wa kitu ulichokichoma mkaa.

Ukitaka kuotesha lako

Kata tawi la urefu wa sentimita 10 hivi, chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapoota. Ondoa majani ya chini na maua yote, ili nguvu iende kwenye mizizi. Litie kwenye glasi ya maji, weka mahali penye mwanga lakini si jua kali, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Ndani ya wiki moja hadi mbili utaona mizizi myeupe. Lihamishie kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kwenye chombo kilichotobolewa. Kivuli, unyevu bila kutuamisha maji, na ukilibana ncha litatoa matawi mengi.

Ukitaka mbegu, zungushia tunda lililonona kamfuko kadogo kabla halijapasuka. Zipande juu juu tu, usizifukie sana, zinapenda mwanga zikiota. Na usishangae mche mmoja ukitoka na rangi usiyoitegemea.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi habari zote hizi, za sultani na manowari na Costa Rica. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nikamwambia pia kwamba maua ya mtaa mzima, kwa kuwa yote yalitoka kwenye ndoo yake, kijenetiki ni ua moja tu, na siku likiugua yataugua yote.

Akanyamaza kidogo. "Sasa kijitoni si yapo mengine?"

"Yapo, bibi. Ila juu zaidi siku hizi. Kule chini wamelima."

"Basi kesho twende," akasema, "kabla hawajafika na huko juu."